KAZI NA RIZIKI: "Andika kwanza, utalipwa vikiuzwa"



Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia mara tatu, kwa maneno tofauti lakini mzigo ni uleule. Kijana anajua kuandika. Anaandikia watu wenye biashara matangazo yao: maneno ya WhatsApp, ya Facebook, karatasi za kubandika ukutani, hata maneno ya kusomwa redioni. Hana bosi. Leo anamwandikia huyu, kesho yule. Sasa mwenye biashara anamwambia: "Wewe andika tu. Nikiuza nitakupa sehemu yako. Nisipouza, basi, sote tumekosa." Je, akubali?

Wawili waliouliza ni vijana wenyewe. Wa tatu ni mama wa watoto wanne, na swali lake ndilo lilitufanya tuache mambo mengine ya mwezi huu. Anasema mume wake anashinda na simu toka asubuhi, anamwambia yuko kazini, anaandikia watu wa Lilongwe na wengine wa nje. Miezi miwili sasa haijaingia hata kwacha moja. Kila akiuliza anaambiwa "bado hawajauza". Na bando linanunuliwa kwa pesa ya mandazi anayokaanga yeye. Mama anauliza: hiyo ni kazi au ni mchezo?

Mama, tutakujibu. Ila tuanze na wazo letu, tusiwazungushe: kwa mtu usiyemjua, kulipwa kwa matokeo peke yake, hapana. Hiyo haina maana kwamba kila anayesema hivyo ni mwizi. Wengine kweli hawana pesa mkononi. Wala haina maana kwamba malipo ya asilimia ni mabaya. Ni ya zamani, na kuna waandishi waliopata utajiri nayo. Lazima tuone walipataje.

Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, biashara nyingi zilikuwa zinauza kwa njia ya posta. Tangazo linachapishwa kwenye gazeti, chini yake kuna kuponi. Msomaji anakata kuponi, anajaza jina, anaituma. Kila kuponi ilikuwa na alama yake ya siri inayoonyesha imetoka gazeti gani na tangazo gani. Mwenye biashara akipokea barua alikuwa anazihesabu tu: tangazo hili limeleta kuponi 300, lile limeleta 90. Mwandishi mmoja mashuhuri wa kazi hiyo, Claude Hopkins, aliandika kitabu mwaka 1923, Scientific Advertising, na karibu hoja yake yote imesimama juu ya kuhesabu huko. Miaka iliyofuata, waandishi wa barua za mauzo huko Marekani walizoea mpango wa namna hii: unalipwa kiasi mwanzoni kwa kuandika, halafu barua ikiendelea kutumika na kuuza, unapata asilimia juu yake.

Hapo kuna vitu viwili, msivipite haraka. Kwanza, matokeo yalikuwa yanahesabika. Karatasi zipo, unaweza kuziweka juu ya meza. Pili, asilimia ilikuja juu ya malipo. Haikuwa badala yake. Huyu anayekuambia leo "hata wakubwa wa Marekani wanalipwa hivyo" amekuletea nusu ya habari, na ile nusu nyingine amebaki nayo mfukoni.

Kwani hapa kwetu kamisheni hatuijui? Tunaijua sana. Wakala wa Airtel Money au wa Mpamba analipwa kamisheni na hakuna anayemwonea huruma. Mtu akitoa pesa, meseji inaingia kwenye simu ya wakala palepale. Hamwulizi mtu "leo tumeuza?" Anaona. Mama anayemuuzia mwenzake vitenge sokoni, akipewa kidogo kwa kila kipande, naye anaona: kitenge kiko mkononi mwake, mnunuzi yuko mbele yake, pesa inapita kwenye vidole vyake kabla haijafika kwa mwenye mali. Dalali wa nyumba yuko pale wakati wanakubaliana bei. Hawa wote wameshika kitu.

Mwandishi wa matangazo ameshika nini? Ameandika maneno, ameyatuma, yamekwenda. Baada ya hapo yuko gizani. Simu ya wateja inapokelewa na mwingine. Bei imepangwa na mwingine. Kama mali ni mbovu, kama duka limefungwa saa tano asubuhi, kama anayepokea simu anajibu watu vibaya, hakuna mauzo, na hayo yote hayakuandikwa na yule kijana. Na kama mauzo yapo? Ndiyo hapo sasa. Anayejua ni mwenye duka peke yake. Anaweza kusema zimeuzwa tatu, nawe utasema asante kwa tatu.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalioni mpaka wapige hesabu. Tuseme mtu anauza viatu, jozi moja kwacha 20,000. Anakuahidi asilimia 10, yaani kwacha 2,000 kwa kila jozi. Inasikika vizuri! Umefanya kazi siku nne: umeuliza habari za viatu, umepiga picha, umeandika, umebadilisha mara mbili kwa sababu hakupenda. Bando na kuchaji simu tuseme vimekula 6,000. Hizo zirudi tu, lazima ziuzwe jozi tatu. Na siku zako nne je? Kama ungekwenda kibarua cha shamba, tuseme ungepewa 3,000 kwa siku, hiyo ni 12,000. Kwa hiyo mpaka jozi ya tisa bado hujapata chochote, ndiyo kwanza umefika pale ambapo mwenye jembe amefika bila kuumiza macho. Sasa muulize mwenye duka ana jozi ngapi. Anazo saba! Akiuza zote, bila kubaki hata moja, wewe unapata 14,000 na umepoteza 4,000. Yeye ameshika 126,000. Mpango huo hata ukifanikiwa kabisa, wewe umekula hasara. Hakuna aliyeiba hapo. Hesabu tu haikupigwa.

Ndiyo maana tunasema swali la kwanza kwa mwenye biashara lisiwe "asilimia ngapi?" Liwe "una mali kiasi gani, na ni bei gani?"

Mtu atatuambia: lakini mwenye biashara naye anabeba hatari, amenunua mali. Ni kweli amenunua. Ila viatu vikikataa mwezi huu, mwezi ujao vipo, atapunguza bei, atavipeleka soko jingine. Maneno uliyoandika kwa ajili ya viatu vyake utampelekea nani? Muuza samaki? Yamekufa. Siku nne zako nazo zimekwenda.

Kwetu sisi wakimbizi kuna uzito mwingine juu ya huo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake kwenye baadhi ya vifungu, kikiwemo kifungu cha 17 kinachohusu kazi ya mshahara. Na mnakumbuka mwaka 2023, wenzetu waliokuwa na maduka mijini walivyorudishwa kambini. Vijana wengi wamekimbilia kazi ya simu kwa sababu simu haiombi ruhusa ya kutoka. Lakini ukidhulumiwa na mtu wa Lilongwe, utamfuata kwa njia gani? Nauli, ruhusa, kusimama kwenye ofisi kueleza kwamba ulikubaliana kwa mdomo asilimia ya kitu ambacho hujui kiliuzwa ngapi. Mwenyeji mwenyewe angechoka. Mtu asiyeweza kumdai mwenzake kwa urahisi asikubali mpango ambao umejengwa juu ya kudai.

Halafu wale wanaofanya kazi za nje. Wengi hawana vitambulisho ambavyo kampuni za intaneti zinakubali, wala akaunti ya benki. Kwa hiyo kuna mtu katikati, anayeshika akaunti, anayepokea pesa na kukata yake. Hatuwalaumu wote, wengine wamesaidia watu kweli. Lakini tazama umbali: mnunuzi yuko nchi nyingine, muuzaji nchi nyingine, mwenye akaunti mahali pengine, na wewe uko Dzaleka unasubiri kusikia kama kuna kitu kimeuzwa. Neno likipita midomo mitatu linabadilika. Na pesa je?

Tufike kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko pesa yenyewe. Mtu anayelipwa tu kitu kikiuzwa, kalamu yake inaanza kuvutwa. Mwanzo anaandika "viatu vizuri". Haviuziki. Anaandika "viatu vya ngozi halisi", na hajui kama ni ngozi. Wiki ya pili njaa inabisha mlangoni, anaandika "vinadumu miaka kumi".

Yule Hopkins tuliyemtaja, kabla ya kitabu chake, mwaka 1902 aliingia kwenye biashara ya dawa huko Chicago iliyoitwa Liquozone. Hakuingia kwa mshahara wa kawaida, alikubali robo ya biashara iwe yake. Kama hakuna mauzo, hakuna kitu. Basi mauzo yakapatikana! Matangazo yalijaza magazeti, yakiahidi kwamba dawa inaua vijidudu na kusaidia orodha ndefu ya magonjwa, ikiwemo kansa na kifua kikuu. Mwaka 1905 mwandishi wa habari Samuel Hopkins Adams (wanafanana jina tu) aliandika kwenye gazeti la Collier's kwamba ndani ya chupa, baada ya kupimwa, karibu yote yalikuwa maji, na asidi kidogo sana. Habari zake juu ya dawa za uongo zilisaidia kuleta sheria ya vyakula na dawa ya Marekani ya mwaka 1906. Watu wenye kifua kikuu walikuwa wameshanunua. Hopkins alikuwa fundi hodari wa maneno, hilo hakuna anayelibisha. Na mpango wake wa malipo ulimpa kila sababu ya kutouliza ndani ya chupa kuna nini.

Sasa fikirini hapa kwetu, ambapo anayesoma tangazo lako si mgeni wa mbali. Ni jirani. Ni mama mnayepanga naye foleni ya maji. Tumeona maneno yanatembea kwenye magrupu ya WhatsApp juu ya majani yanayoponya sukari na presha kwa siku saba. Kuna mtu aliyaandika hayo. Labda ni kijana mzuri tu, aliyeahidiwa kitu kwa kila pakiti. Mzee akiacha vidonge vyake vya presha kwa sababu ya tangazo lile, asilimia 10 ya pakiti itarudisha nini?

Kwa dawa, kwa hiyo, sisi hatuna masharti ya kujadili. Dawa usiyoijua usiiandikie, wala kwa asilimia, wala kwa malipo ya mwanzo, wala bure.

Tunasikia vijana wanasema: "Nyie mnaongea vizuri, lakini mimi hakuna anayenijua. Nikiomba kianzio anacheka. Anasema siku hizi kuna programu za akili mnemba, zinamwandikia bure." Hapo wana haki, na si jambo dogo. Programu hizo zipo, na kwa maneno ya kawaida mwenye duka hatakuhitaji. Atakuhitaji kwa lile ambalo programu haijui: kwamba watu wa hapa wananunua siku gani, kwamba mama wa Kirundi na mama wa Kikongo hawaitani kwa namna moja, kwamba neno fulani huku ni mzaha na kule ni tusi. Uza hilo.

Na kwa anayeanza, ushauri wetu ni kufanya kazi moja bure. Tunasema bure, siyo "bure mpaka viuzwe". Chagua mwenyewe mtu ambaye mali yake unaijua ni nzuri: fundi cherehani wa jirani, mama wa mkate. Mwambie wazi: "Hii ya kwanza ni zawadi, uniruhusu niwaonyeshe watu." Unajua umetoa nini na unajua mwisho wake uko wapi. Mtu wa asilimia hajui mwisho. Anaamka kila siku akiangalia simu, kama anayesubiri majina ya kuhamishwa nje yabandikwe. Tunaijua sote hiyo hali ya kusubiri, hatuhitaji kuiongeza kwenye kazi.

Ukishakuwa na kazi moja au mbili za kuonyesha, omba kianzio. Kisiwe kikubwa. Tunaona vema kiwe angalau kinachorudisha bando, umeme na siku zako, kwa kipimo kilekile cha kibarua. Juu ya hapo, kama mwenye biashara anapenda asilimia, mkubalie kwa furaha! Iwe kama matabishi. Unaweza kusema hivi: "Mzee, nashukuru umeniamini. Kazi yenyewe ni kiasi hiki, nusu leo, nusu nikikabidhi. Ukiuza zaidi ya jozi kumi, kila jozi ya ziada unikumbuke kwa kiasi hiki." Mtu mwenye nia njema hakasiriki kwa maneno hayo. Anaweza kupunguza, mtapatana. Anayekasirika kabisa kwa kuombwa nauli ya bando, jiulize atakuwaje siku ya kuombwa hesabu za mauzo.

Na hizo hesabu zipatikane kwa njia gani? Tuige wale wa kuponi. Weka neno la siri kwenye tangazo: "ukifika dukani sema neno Tumaini upate punguzo." Kila anayesema neno hilo ametoka kwako, na mwenye duka anachora mstari kwenye daftari mbele yake. Au tangazo liwe na namba ya simu ambayo haitumiki mahali pengine, na laini hiyo ushike wewe, upokee wateja wewe, uwapeleke dukani wewe. Sasa umekuwa kama dalali, unaona. Kwa mpango huo hata asilimia peke yake tungeanza kuifikiria, kama muda ni mfupi, tuseme wiki mbili, na mali ni nyingi ya kutosha. Vilevile kama biashara ni ya ndugu yako au ya kikundi chenu, na daftari linafunguliwa kila mwisho wa wiki mbele ya wote. Hapo hata wewe ni mwenye mali.

Mapatano yaandikwe. Hata kwenye meseji inatosha: kazi gani, kianzio kiasi gani, asilimia ya nini (ya bei au ya faida, hapa wengi wameumia, kwa sababu "faida" mwenye duka ndiye anayeijua), hesabu inafanyika siku gani, na mpango unaisha lini. Bila tarehe ya mwisho, tangazo lako linaweza kuuza mwaka mzima na wewe umelipwa kwa wiki moja.

Tunarudi kwa mama yetu wa mandazi. Mama, anachofanya mume wako ni kazi. Kuandika maneno ambayo watu watayasoma mpaka mwisho si mchezo, inachosha kichwa. Lakini kwa jinsi mlivyo sasa, ni wewe unayemlipa, si wale watu wa Lilongwe. Kila bando la mandazi ni mtaji wako umeingia kwenye biashara ya mtu ambaye hata jina lako halijui. Kaeni chini siku moja watoto wakiwa wamelala, mchukue daftari. Aandike kila kazi aliyofanya miezi hii miwili, ya nani, lini, aliahidiwa nini. Usimcheke wakati anaandika. Halafu kila mmoja wa watu hao atumiwe meseji ya heshima: "Nilikuandikia tangazo tarehe fulani. Naomba hesabu ya mauzo ifikapo Ijumaa." Atakayejibu kwa namba, hata ndogo, aendelee naye, safari hii kwa kianzio. Asiyejibu mpaka Ijumaa, jina lake lipigwe mstari, na kazi yake ya tatu, ile ambayo bado iko kwenye simu haijatumwa, isitumwe.

Na bando la wiki ijayo, papa, litoke kwenye kianzio cha mteja. Ya mandazi ibaki ya unga na mafuta.